Umbo la Mbegu na Uzito wa Asilimia Nne

Mhadhara kwa umma, Dar es Salaam. Umechapishwa kama ulivyosomwa, pamoja na maneno machache yaliyosemwa nje ya maandishi.

  

Nia yangu jioni hii ni kueleza umbo la mbegu ya kiume lina uzito gani katika kurutubisha yai pale wanandoa wanapotafuta mtoto kwa msaada wa hospitali, na uzito huo unakoma wapi. Msimamo wangu nausema mapema ili mnipime nao hadi mwisho. Asilimia ya mbegu zenye umbo la kawaida inatueleza kitu cha maana pale mbegu inapotakiwa kulifikia yai na kuliingia kwa nguvu zake yenyewe. Mtaalamu anapoibeba mbegu kwa sindano na kuiweka ndani ya yai, asilimia hiyo hupungukiwa sana na nguvu. Na popote pale, iwe kwenye sahani ya maabara au kwenye sindano, haina mamlaka ya kumwambia mwanamume kwamba hatazaa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewaona watu wanavyobeba karatasi hizi. Mwanamume anapewa majibu yake dirishani, anasoma mstari mmoja ulioandikwa "umbo la kawaida: 2%", anaikunja karatasi mara nne na kuitia mfuko wa shati. Mkewe hataiona. Au inakuwa kinyume chake: mke amezungushwa hospitali kwa hospitali, amepigwa picha ya mirija, amekunywa dawa za kila aina, ameitwa majina na mawifi, na muda wote huo mume hajaombwa hata mara moja kutoa manii yapimwe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake. Katika ukumbi uliojaa kama huu, hesabu hiyo inagusa safu nzima za viti.

Hoja yangu ya kwanza ni kuhusu kile tunachokitazama hasa. Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana wengi hupewa majibu bila kuambiwa yametoka wapi.

Tone dogo la manii, maikrolita 10 hivi, huwekwa mwisho mmoja wa slaidi ya kioo, likavutwa kwa slaidi ya pili mpaka likaacha utando mwembamba. Utando ukikauka hutiwa spiriti ili mbegu zigande zilivyo, kisha hupitishwa kwenye rangi. Rangi inayoheshimika zaidi kwa kazi hii ni ya Papanicolaou, ileile inayotumika kupima dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Kichwa cha mbegu huchukua buluu, nyepesi upande wa mbele na iliyokolea upande wa nyuma, na mpaka kati ya buluu hizo mbili ndio unaotuonyesha kofia ya mbegu imefika wapi. Mtaalamu hudondoshea slaidi mafuta maalumu, hushusha lenzi ya mara 100, na kwa kuwa lenzi ya jichoni nayo hukuza mara 10, mbegu inaonekana imekuzwa mara 1,000. Bila ukuzaji mkubwa hakuna cha kuona: kutoka utosini hadi ncha ya mkia, mbegu nzima ni kama sehemu ya 20 ya milimita moja.

Sasa anahukumu. Kichwa kiwe cha umbo la yai, laini pembeni, urefu wake maikromita 4 na kitu, upana wake 3 hivi. Kofia ya mbele, ambayo wataalamu huiita akrosomu, ifunike kati ya asilimia 40 na 70 ya kichwa. Shingo iwe nyembamba, ikae katikati sawasawa na kichwa, bila bonge la utegili wa seli uliobaki. Mkia uwe mmoja, urefu wake karibu mara kumi ya kichwa, usiojikunja wala kuvunjika kona. Mbegu ikikosa sharti moja tu, huwekwa upande wa zisizo za kawaida. Hata ile inayotia shaka huwekwa huko huko. Anahesabu mbegu 200, anachukua slaidi ya pili ya manii yaleyale, anahesabu nyingine 200.

Masharti haya hayakutungwa kwa kufuata kinachopendeza macho. Yalitokana na kazi ya Roelof Menkveld, Thinus Kruger na wenzao katika Hospitali ya Tygerberg, viungani mwa Cape Town, na yalielezwa kwa urefu mwaka 1990. Walichukua ute wa mlango wa kizazi wa wanawake baada ya tendo la ndoa, wakazitazama mbegu zilizokuwa zimefanikiwa kupanda hadi sehemu ya juu ya ute huo. Manii yanapotoka huwa na mbegu za kila sura: vichwa vikubwa, vidogo, vyenye ncha, mikia miwili. Lakini zile zilizofika juu zilifanana. Mwili wa mwanamke ulikuwa umeshachagua, nao wakachora kipimo chao kwa kufuata uchaguzi huo. Utafiti mwingine ulionyesha jambo la kufanana na hilo kwenye yai lenyewe: mbegu zinazonata kwenye ganda la yai, kwa sehemu kubwa, ni zenye umbo zuri, hata manii yenyewe yakiwa mabaya. Hapo ndipo nguvu ya kipimo hiki ilipo, na nawaomba wenzangu wanaokibeza wasilisahau hilo.

Kila sehemu ya umbo ina kazi. Kofia imebeba vimeng'enya vya kupenya ganda la yai, na chini ya kofia hiyo imefichwa protini iitwayo IZUMO1, iliyogunduliwa Japani mwaka 2005 na kupewa jina la hekalu la huko ambako watu huomba heri ya ndoa. Mbegu ikishaachia kofia yake, protini hiyo hujitokeza na kushikana na mwenzake aliye juu ya yai, anayeitwa JUNO, ambaye alitambuliwa mwaka 2014. Bila mshikano huo, mbegu na yai haviungani. Kichwa kimebeba vinasaba vilivyofungwa kwa mkazo mkubwa. Shingo imebeba mitambo ya nishati. Mkia unasukuma. Kwa hiyo tunaposema umbo, tunakagua vifaa vya safari.

Hoja ya pili ni kuhusu hiyo asilimia 4. Imetoka wapi?

Shirika la Afya Duniani huchapisha mwongozo wa kupima manii. Toleo la mwaka 1987 lilitaja asilimia 50 ya mbegu zenye umbo la kawaida kama kiwango cha rejea. La mwaka 1992 likataja 30. La mwaka 2010 likashuka hadi 4, na la mwaka 2021 likaibakiza 4. Nimesikia watu, tena wasomi, wakizisoma namba hizi kama ushahidi kwamba wanaume wa leo wameharibika. Namba hizi peke yake haziwezi kuthibitisha jambo hilo. Kilichobadilika kwanza ni jicho la mpimaji. Kila masharti yalipokazwa, mbegu nyingi zaidi zilihamishiwa upande wa zisizo za kawaida, na kiwango kikabidi kishuke.

Na namna kiwango chenyewe kilivyopatikana inafaa ijulikane na kila anayepokea karatasi ya majibu. Kwa toleo la 2010 walikusanywa wanaume ambao wake zao walishika mimba bila msaada ndani ya miezi 12. Hawa ni kina baba, uwezo wao umeshathibitika. Wakapangwa kutoka aliye chini hadi aliye juu, ukachorwa mstari pale asilimia 5 ya chini inapoishia. Mstari ukaangukia kwenye 4. Maana yake, kati ya kila wanaume 100 waliowapa wake zao mimba ndani ya mwaka mmoja, watano hivi walikuwa chini ya mstari huo. Yule wa katikati kabisa alikuwa na asilimia 15 tu. Ndugu zangu, hebu tulitazame hilo vizuri: baba wa kawaida, mwenye watoto wake nyumbani, mbegu zake 85 katika kila 100 zingeandikwa kuwa si za kawaida. Binadamu tumeumbwa hivyo. Anayeambiwa "asilimia 90 ya mbegu zako ni mbovu" bila kuelezwa hili ameambiwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaumiza.

Kuna na jambo la hesabu. Mtaalamu akihesabu mbegu 200 akapata 8 nzuri, anaandika asilimia 4. Lakini kwa kanuni za bahati nasibu ya sampuli, kiwango halisi cha mtu huyo kinaweza kuwa popote kati ya karibu 2 na karibu 8. Ndiyo maana mwongozo unadai slaidi mbili. Ongeza juu yake tofauti kati ya jicho la mpimaji mmoja na mwingine, ubora wa rangi, na homa ambayo huenda mtu aliugua mwezi uliopita, maana mbegu huchukua siku 74 hivi kutengenezwa kwenye korodani, kisha siku kadhaa zaidi za kupevuka njiani. Kwa hiyo aliyepata 3 na aliyepata 5 hawajapishana kitu cha kumfanya mmoja alie na mwingine ashangilie. Niliwahi kuona slaidi moja ikisomwa na watu wawili waliofundishwa vizuri, wakatofautiana, na wote walikuwa wametenda haki.

Hoja ya tatu ndiyo kiini cha mada: kwenye sahani ya maabara, umbo lina uzito kweli.

Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, kwa kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Njia ile, tunayoiita IVF, huliweka yai kwenye sahani pamoja na makumi ya maelfu ya mbegu zilizosafishwa, kisha huziachia mbegu zifanye kazi. Safari ya mlango wa kizazi na mirija imefutwa, lakini ngome za mwisho zimebaki zote. Mbegu lazima ipite kwenye wingu la seli zinazolizunguka yai, inate kwenye ganda, iachie kofia yake, itoboe, iungane.

Mwaka 1986 Kruger, akiwa Norfolk katika jimbo la Virginia, Marekani, pamoja na wenyeji wake wa huko, alionyesha kwamba urutubishaji ulipungua waziwazi kwa wanaume waliokuwa chini ya asilimia 14 kwa masharti yale makali. Mwaka 1988 walirudi kuwatazama hao wa chini peke yao, wakawagawa mafungu mawili. Waliokuwa kati ya asilimia 4 na 14, mayai yaliyorutubishwa yalikuwa asilimia 63.9. Waliokuwa chini ya 4, yalikuwa asilimia 7.6. Ni pengo kubwa mno. Mtaalamu yeyote wa wakati ule aliyesoma namba hizo alikuwa na haki ya kushtuka, na ndipo asilimia 4 ilipoanza kuwa na sauti vyumbani mwa madaktari, zaidi ya miaka 20 kabla ya kuingia kwenye mwongozo wa dunia.

Nimelitaja jina la Tygerberg kwa makusudi. Wanafunzi wetu huzoea kudhani kila kipimo cha maabara kimeshushwa kutoka Ulaya. Hiki kilitengenezwa hapa barani kwetu, na dunia nzima inakitumia.

Lakini hadithi haikuishia 1988. Mwaka uleule, Sergio Oehninger na wenzake hapo hapo Norfolk walionyesha kwamba ukiongeza idadi ya mbegu unazoziweka kwenye sahani kwa mwanamume mwenye umbo baya, urutubishaji hupanda. Hilo lina mantiki: kama nzuri ni 2 katika 100, weka nyingi zaidi ili nzuri zitoshe kulizunguka yai. Maabara zilijifunza pia kuzisafisha mbegu vizuri zaidi na kuvilea viinitete kwa vimiminika bora. Pengo likaanza kuzibika. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 1998 bado yaliona kipimo cha Tygerberg kinatabiri vema urutubishaji wa kwenye sahani. Mapitio mengine ya mwaka 2011, yaliyowatazama wanaume ambao kasoro yao ilikuwa umbo peke yake huku idadi na mwendo wa mbegu vikiwa sawa, hayakuona umbo hilo likipunguza uwezekano wa mimba. Wengine huona hapa ugomvi wa wataalamu. Mimi naona maswali mawili tofauti yakijibiwa. Umbo baya linapokuja pamoja na uhaba wa mbegu na mwendo dhaifu, yai linaachwa bila mgeni. Umbo baya likiwa peke yake, katikati ya mamilioni yanayoogelea vizuri, zipo nzuri za kutosha.

Hoja ya nne: sindano.

Mwaka 1992, Gianpiero Palermo na wenzake wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja ndani ya yai. Njia hiyo inaitwa ICSI. Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, naieleza. Yai hushikwa kwa mrija wa kioo unaolivuta taratibu kutoka upande wa kushoto. Mbegu huwekwa kwenye kimiminika kizito kinachopunguza kasi yake, mtaalamu huukandamiza mkia kwa sindano mpaka mbegu itulie, kisha huivuta, mkia ukitangulia, ndani ya sindano ambayo tundu lake lina upana wa maikromita 5 hivi. Sindano huingia kutoka kulia, ganda hubonyea, utando wa yai huvutika kama hautaki, halafu huachia. Mbegu huachwa ndani. Saa 16 hadi 18 baadaye tunatazama tena, na kama kuna viini viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, yai limerutubishwa.

Tafakarini ni kazi zipi mbegu imeondolewa. Haikuogelea. Haikunata kwenye ganda. Haikuhitaji vimeng'enya vya kofia wala kushikana na JUNO. Jahazi lenye tanga bovu halifiki kwa upepo, lakini likivutwa na boti ya injini linafika, na shehena yake haijapungua. Ndivyo ilivyo hapa. Mwaka 1995 kundi la Brussels liliandika wazi kwamba matokeo ya ICSI hayakutegemea vipimo vile vitatu vya msingi, yaani idadi, mwendo na umbo. Wengi wamerudia uchunguzi huo na picha kubwa haijabadilika: kwa sindano, yai moja moja hurutubishwa kwa kiwango cha asilimia 60 hadi 70, awe mume na asilimia 2 au 12.

Kuna sababu nyingine ambayo wenzangu wa maabara mnaijua, naona mnaitikia kwa kichwa. Mbegu tulizozipima kwenye slaidi zimekufa; spiriti na rangi vimeziua. Ile inayoingia kwenye sindano ni hai, imechaguliwa na jicho la mtu kwa ukuzaji wa mara 200 hadi 400. Hatuchukui mbegu kwa kubahatisha kutoka kwenye zile 98 zisizo za kawaida. Tunaitafuta moja nzuri kwa kila yai, na mayai kwa kawaida ni machache. Walijitokeza wataalamu Israeli, wakiongozwa na Benjamin Bartoov, walioamua kukuza mara 6,000 na zaidi ili kuona hata vitundu vidogo kwenye kichwa kabla ya kuchagua. Wazo lilikuwa zuri. Tafiti zilipokusanywa pamoja, haikuthibitika kwamba watoto wanaozaliwa wanaongezeka, na gharama ya mitambo hiyo ni kubwa.

Hapa nataka kusema neno kwa kliniki zetu. Kwa kuwa sindano inapunguza uzito wa umbo, imekuwa rahisi kumpeleka kila mwenye asilimia 3 moja kwa moja kwenye sindano, kwa bei ya juu zaidi. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Vietnam uliohusisha wanandoa 1,064, wanaume wakiwa na idadi na mwendo wa kawaida wa mbegu. Nusu walipata sindano, nusu sahani. Waliojifungua walikuwa asilimia 35 upande wa sindano na 31 upande wa sahani, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uthibitisho. Hivyo, mwanamume mwenye mbegu nyingi zinazokwenda vizuri na umbo la asilimia 3 anastahili kuelezwa njia zote mbili, pamoja na ile nyepesi zaidi ya kupandikiza mbegu kwenye mji wa mimba, ambako asilimia ya umbo peke yake haijaonekana kuwa kizuizi cha maana. Familia zinauza viwanja kwa ajili ya matibabu haya. Kumwongezea mtu gharama kwa sababu ya namba ambayo ingeweza kubadilika slaidi ikisomwa tena ni jambo la kutuondolea usingizi.

Hoja ya tano inakwenda upande wa pili, ili nisieleweke kwamba umbo ni la kupuuzwa. Zipo hali chache, adimu, ambazo umbo ndilo linalotuambia karibu kila kitu.

Ya kwanza ni mbegu zenye vichwa vya duara, bila kofia kabisa. Mtu mwenye hali hii, mbegu zake zote au karibu zote ni mipira midogo yenye mkia. Mara nyingi chanzo ni kukosekana kwa jeni iitwayo DPY19L2. Kwenye sahani hazirutubishi, maana hazina cha kupenyea. Hata kwa sindano matokeo huwa hafifu, kwa sababu mbegu hizi pia hupungukiwa na protini ya kuliamsha yai, ile inayosababisha mawimbi ya kalisiamu ambayo huliambia yai lianze kugawanyika. Habari njema ni kwamba maabara inaweza kuliamsha yai hilo kwa dawa baada ya kudunga, na watoto wamezaliwa.

Ya pili ni mbegu zenye vichwa vikubwa mno na mikia mingi. Hapa ICSI haishauriwi. Mabadiliko kwenye jeni ya AURKC, yanayoonekana zaidi kwa wanaume wenye asili ya Afrika Kaskazini, huzuia seli kugawana kromosomu ipasavyo, na kila mbegu hubeba shehena iliyozidi. Kumdunga mke mayai yake kwa mbegu hizo ni kumtesa bure. Ya tatu ni mikia mifupi, iliyojisokota au isiyokuwepo, mara nyingine kwa hitilafu ya jeni ya DNAH1. Kwa macho hii inatisha kuliko zote, lakini vinasaba kichwani huwa mara nyingi salama, na sindano huwasaidia vizuri wanaume hawa.

Mnaona basi kwamba katika hali zote tatu karatasi inaweza kuandika asilimia 0. Sifuri moja, njia tatu tofauti. Mtaalamu wa maabara aliyeandika "0%" bila kuandika kasoro ni ya aina gani amemnyima daktari jambo lenyewe alilolihitaji.

Hoja ya mwisho ni fupi, nayo naielekeza kwa wazazi na viongozi wa dini, maana swali hili huulizwa kwenu kabla ya kufika kwetu. Je, mbegu yenye kichwa kibaya itazaa mtoto mwenye kichwa kibaya? Hapana. Umbo la mbegu ni umbo la chombo cha usafiri. Sura ya mtoto imeandikwa kwenye vinasaba, ambavyo hadubini ya kawaida haivioni. Ukiacha ile hali ya vichwa vikubwa niliyoitaja, umbo halitupi habari ya kutegemewa kuhusu afya ya vinasaba vilivyomo, kwa ubaya wala kwa uzuri. Na mwanamume anayetaka kuzisaidia mbegu zake anaweza kuanza na yaliyo mikononi mwake: aache sigara, aachane na sindano na vidonge vya homoni za kutunisha misuli, apunguze joto kali la muda mrefu kwenye korodani, na achunguzwe kama ana mishipa iliyovimba juu ya korodani. Baada ya miezi mitatu apime tena.

Nitazame mbele sasa. Mtoto wa kwanza wa IVF nchini Uganda alizaliwa mwaka 2004, na wa Kenya mwaka 2006. Huduma hizi zimeshakuwa sehemu ya Afrika Mashariki na zitazidi kuenea. Programu za kompyuta zinazosoma picha za mbegu zinaingia sokoni, na zitaingia kwetu. Nazikaribisha, kwa sharti kwamba zifundishwe kwa slaidi zilizopakwa rangi vizuri na kusomwa na watu wanaojua kazi, kwa kuwa mashine iliyofundishwa makosa itayarudia bila kuchoka.

Lakini kuna kazi isiyohitaji kusubiri mashine. Wanaume waliotoa viwango vya mwaka 2010 walitoka Ulaya, Marekani na Australia. Katika takwimu za 2021 Afrika iliwakilishwa na Misri. Baba wa Tanga, wa Kigoma au wa Kisumu analinganishwa na kundi ambalo wenziwe hawakuwamo. Sisemi kwamba tutakuta tofauti kubwa. Nasema tuhesabu. Wanaume wengi siku hizi huwasindikiza wake zao kliniki ya wajawazito hudhurio la kwanza. Hao ndio hasa tunaowahitaji: wanaume ambao wake zao wameshika mimba, na wanaojua imechukua muda gani. Wakielezwa vizuri na kuombwa idhini, wapo watakaokubali kutoa sampuli moja. Sampuli ipakwe rangi ya Papanicolaou, slaidi mbili kwa kila mtu, isomwe na wataalamu wawili ambao hawaambiani majibu, na kila kasoro iandikwe kwa jina lake. Hadubini tunazo, rangi inanunulika, na vijana waliofuzu maabara wapo humu ukumbini.

Rasimu ya mpango huo nimeshaiandika na inahitaji kupita kwenye kamati ya maadili kabla ya lolote. Wenzangu wa maabara na wauguzi wa kliniki za wajawazito mlio tayari kushiriki, karatasi ya kujiandikisha ipo meza ya mlangoni. Sasa napokea maswali, nikianza na kina mama walionyoosha mikono tangu nilipotaja bei.